Uso Wangu Dukani Kwako

Hasamba, 4 Februari 2025

"Wiki sita tu, na uso wako unarudi nyuma miaka kumi na mitano."

Ferista, hayo ni maneno yako, umeyachapisha kwa rangi ya dhahabu kwenye kipeperushi cha duka lako la vipodozi, na ni uongo. Uso haurudi nyuma. Nimefundisha Baiolojia sekondari kabla sijaja kuhangaika na kahawa, na sijawahi kuona kifaranga kikirudi ndani ya yai. Nimeanza na hilo makusudi. Nikianza na salamu nitapoa, na leo sitaki kupoa.

Sasa salamu. Hujambo? Mwanao Deus anaendeleaje na kazi huko Mbeya? Sisi hatujambo. Mama anakula vizuri, ila macho ni yale yale, ukungu umezidi, siku hizi anatutambua kwa kutupapasa nyuso. Mvua haikutunyima. Maparachichi yameanza kuvunwa, na Timotheo ameshaleta kenta yake kupakia. Ndiye anayekuletea barua hii. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ukishindwa hoja unasema mtandao unakata.

Kipeperushi nimeletewa na Brenda, mke wa mchungaji, juzi baada ya ibada. Alikuja ananikimbilia. "Mwalimu, huyu si Ferista wenu? Jamani, hiyo mashine ya mwanga inafanya kazi! Ona alivyokuwa, ona alivyo sasa!" Kidole chake kilikuwa juu ya picha yenye neno KABLA.

Nikatazama. Ferista, nilikuwa natazama uso wangu mwenyewe. Ni mimi, nimesimama kwenye vichanja vya kahawa, picha uliyonipiga kwa simu yako msimu uliopita. Jua linanipiga usoni, macho nimeyafinya, mdomo wazi kama ndoo. Kitambaa cha bluu ni changu, ninacho hapa. Pembeni, chini ya neno BAADA, umekaa wewe dukani unang'aa kama birika jipya.

"Maskini, alikuwa amechakaa kweli," Brenda akasema. Kisha akainua macho, akaniona, akatazama tena karatasi. Aliniaga kwa kunishika mabega kama mfiwa.

Tulitoka tumbo moja siku moja. Kwenye msiba wa baba mdogo, yule Alinanuswe tuliyekaa naye dawati moja darasa la tano alikusalimu wewe "mambo vipi," mimi akaniamkia shikamoo. Ulicheka mpaka ukashika ukuta. Nilidhani yaliishia pale. Kumbe ulirudi nyumbani ukayafanya mtaji.

Nijibu swali moja tu: ile picha ni ya nani?

Pacha wako,
Loisi


Tunduma, 19 Februari 2025

Shikamoo dada,

Usikunje uso, utaongeza makunyanzi. Nimepokea barua na maparachichi, ahsante sana. Mpe mama pole ya macho. Huku tunavuta vumbi la malori, foleni ya mpakani imefika mpaka karibu na dukani kwangu, madereva wanalala chini ya magari yao. Deus hajambo, anasema atakuja Pasaka, ila kila mwaka husema hivyo.

Umeniandikia kama unamwandikia mhariri wa gazeti. Mimi sikusoma kama wewe, mimi naangalia mteja anayerudi. Na wanarudi! Kuna mama mmoja wa Nakonde, kila akivuka mpaka lazima apite. "Mulishani, bamayo," ananijulia hali kwa Kibemba, nami namjibu, ananunua krimu ya usiku, krimu ya mchana, na kirola cha umeme cha kukandia mashavu. Mume wake ameacha kuzurura, yeye mwenyewe kaniambia. Mashine za mwanga mwekundu zinatumika hata kwenye hospitali kubwa za ngozi. Hilo nalo ni uongo wangu?

Nakutumia barakoa moja ya mwanga, zawadi. Ivae jioni, kisha uandike tena ukiwa umepoa. Mtu mwenye wivu hukunja paji la uso kutwa nzima, na kwa hilo sina krimu.

Timotheo ni mtu mzuri kuzungumza naye, sikujua. Nilimpa chai ya maziwa na maandazi, akakaa mpaka nikafunga duka. Tangu afiwe na mkewe nadhani hajapata mahali pa kukaa kwa raha.

Mdogo wako mwenye uso mdogo,
Ferista


Hasamba, 6 Machi 2025

Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo?

Mama hajambo, anakusalimu. Ng'ombe wa Isaka ameingia kwenye mibuni yetu mara ya pili, na Isaka anasema ni ng'ombe mwenye akili, hajala majani. Tunasubiri baraza la kijiji.

Nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta jibu la swali langu. Halimo. Umejibu kila nisichokuuliza.

"Wateja wanarudi." Mlevi naye anarudi kilabuni kila jioni, hatusemi pombe imemtibu kiu. Mteja anarudi kwa sababu ameahidiwa uso, hajaupata, anadhani kosa ni lake, kwamba hakupaka vya kutosha. Unamuuzia tumaini, likiisha unamuuzia kopo jingine.

Kuhusu huo mwanga, mimi si mjinga wa kukataa kila kitu. Wapo watafiti waliopima, wakaona makunyanzi madogo yanapungua kidogo baada ya miezi, kwa mashine ambazo nguvu yake inajulikana. Yako nguvu yake ni kiasi gani? Nimegeuza boksi pande zote, hakuna. Zipo na krimu zenye vitamini A ambazo husaidia polepole, huku zikiwasha. "Kidogo" na "polepole" ndiyo maneno ya kweli, na hayo hukuyaandika kwa dhahabu. Halafu hizo za kopo lisilo na jina la mtengenezaji, zinazofanya mtu awe mweupe ndani ya wiki moja, usiniambie unaziuza. Mle mna zebaki, na zebaki haina dada wala mdogo.

Barakoa yako nimeitundika kwenye msumari jikoni, inatisha kuku. Hata hivyo ni kitu cha kero. Kikifika dakika kumi kinalia na kujizima, mkanda wake unavuta nywele za kisogoni, na taa zake zinamfanya mtu aone madoa ya kijani kwa muda baada ya kuivua. Umeme wa Luku nao unakwenda.

Timotheo hanywi maziwa, yanamjaza tumbo. Akinywa kwako ni adabu tu. Ameniletea kofia pana ya ukindu kutoka soko la huko kwenu, anasema aliona jua linavyonionea. Inanikaa vizuri. Sikumwomba.

Picha ni ya nani?

Loisi


Tunduma, 17 Aprili 2025

Dada Loisi,

Habari za siku nyingi. Pole kwa kusubiri. Mambo ni mengi, mzigo wangu ulikwama, halafu nikaumwa malaria, halafu Pasaka imefika na Deus amepata udhuru kama nilivyosema. Poleni na ng'ombe wa Isaka. Mama anaendeleaje?

Nina swali na mimi. Huo mkanda unavuta nywele za kisogoni za kuku gani? Na kuku gani huyo anaona madoa ya kijani? Sikukuandikia popote kwamba inajizima kwa dakika kumi. Nimecheka mpaka Shamimu, jirani yangu wa duka la vitenge, akaja kuuliza nimepata nini. Nilimsomea. Akasema, "Huyo dada yako tayari ni mteja."

Kofia ya ukindu nilimchagulia mimi. Alisimama sokoni ameshika mbili hajui achukue ipi, nikamwambia dada yangu ana kichwa kikubwa, chukua hiyo. Usinune. Nimekwambia ukweli, si ndio unaoupenda?

Siku hizi akishusha mzigo lazima apite. Anasimama mbele ya bango langu kubwa pale ukutani, lile lenye picha mbili kama za kipeperushi. Anatazama, anatazama. Mwanamume akitazama picha ya mtu namna ile, mtu mzima anaelewa. Nimempikia wali na samaki wa Mtera, bila maziwa.

Unaniita mwongo wa ngozi. Sawa. Lakini nikimpigia mama simu hunijibu, "Karibu mgeni." Miaka yote. "Karibu mgeni, Loisi yupo shambani, nimwite?" Nimemzaa Deus, nimejenga, nimemnunulia mama godoro, na bado ni Loisi nimwite. Hilo huwezi kulitibu na Baiolojia yako.

Ferista


Hasamba, 29 Mei 2025

Ferista,

Mama hajambo. Mibuni haijambo. Isaka ametozwa jogoo, tumemla. Salamu zimekwisha.

Barua yako ya Aprili imenifikia wiki hii. Kenta ya Timotheo hutoka Tunduma asubuhi, kabla ya mchana iko hapa. Hiyo barua ililala wapi muda wote huo? Kwenye gari lake, au chini ya sahani ya samaki? Hata mwisho hakuileta yeye, imekuja na kondakta wa kosta, imelowa soda. Amepita hapa kupakia, amenisalimu akiangalia chini, akaenda. Mtu niliyezoea kumsikia akipiga honi tangu bondeni.

Unamtaka? Sema. Kwangu mimi ana kazi gani? Ananibebea maparachichi. Mtu akikubebea maparachichi, akakaa kwenye kigogo mlangoni kwako akikusikiliza unavyogombana na redio, hilo si jambo la kuandikia barua. Mchukue. Mpikie. Ila usiniandikie samaki gani.

Ninachokitaka kwako ni uso wangu, na leo nitakwambia kwa nini, maana naona unadhani nimekasirika kwa kuonekana mzee.

Baba alipokufa tuliitwa wawili. Shamba lilikuwa moja, mama mmoja, na nauli ya Tunduma ilikuwa moja. Wewe uliondoka. Miaka yote hiyo umekaa chini ya bati na feni, unatoka jua likishuka. Mimi nilikuwa kwenye vichanja saa sita mchana nikigeuza kahawa kwa mikono, jioni nikiinama kwenye moshi wa kuni nimpikie mama uji. Jua na moshi, Ferista. Ndivyo vinavyokunja uso kuliko siku za kuzaliwa, na vitabu vyote nilivyosoma vinakubaliana hapo. Sasa unatuweka pacha wawili kwenye karatasi moja, unawaambia watu tofauti yetu imeletwa na mashine ya taa! Hiyo mashine uliinunua juzi. Tofauti yetu ilianza siku uliyopanda basi.

Unachouza ndani ya yale maboksi ni kivuli. Na kivuli hicho ulikipata kwa sababu mwenzako alisimama juani.

Nakuonea wivu, haya, nimeandika. Si kwa ngozi. Mama naye ukipiga simu anapangusa mikono kwanza ndipo aishike. Kwangu hapangusi. Mgeni hupangusiwa mikono, wa nyumbani huulizwa chumvi iko wapi.

Ondoa picha yangu.

Loisi


Tunduma, 8 Julai 2025

Loisi,

Sikujua kwamba mama anapangusa mikono.

Habari za huku si mbaya. Baridi imeingia, losheni zinauzika. Deus amechumbia, binti wa Mkwajuni anaitwa Nesta, watakuja kwako kabla ya kuja kwangu, kwa sababu eti bibi yuko huko. Naona hata mwanangu yuko upande wako.

Nitaandika haraka kabla sijabadili nia. Timotheo hakuwa ananitazama mimi.

Wiki iliyopita alisimama tena mbele ya bango. Nilikuwa nimejipaka vizuri, nimevaa gauni la kijani, nimesimama karibu yake ili aone picha na mwenyewe kwa pamoja. Nikamwambia, "Timotheo, unaangalia sana, si useme." Akasema, "Mama Deus, samahani. Naomba kujua kama hii picha inauzwa." Nikacheka, nikamwuliza ipi. Akaonyesha ya kushoto. KABLA.

Nikamwambia hiyo ni mimi zamani. Akanitazama kama mtoto aliyedanganywa mchana kweupe. "Hapana. Huyu ni Mwalimu. Hapa alikuwa ananicheka mimi. Nilikalia ndoo ya plastiki pale vichanjani, ikapasuka, nikaanguka kwenye maganda ya kahawa. Nilikuwa nimekaa mwaka mzima tangu mke wangu afe sijasikia mtu akicheka karibu yangu. Wewe ulikuwa umeshika simu, hukuniona." Mdomo wazi kama ndoo, wewe mwenyewe umeandika. Hukuniambia ulikuwa unacheka nini.

Barua yako ya Mei aliniletea na macho ameinamisha, kama alivyokufanyia wewe. Ni aibu ya kukuona kila siku umebandikwa ukutani kwangu kwa jina langu, huku hajui aseme kwa nani kati yetu. Ile ya Aprili niliishika mimi. Nilitaka awe anarudi kuidai.

Baba Deus alinikimbia na msichana wa rika la Deus. Ndipo niliponunua mashine ya kwanza, kwa ajili yangu, si ya duka. Niliivaa kila siku nikitazama mlango. Ninaamini inafanya kazi, Loisi. Lazima ifanye kazi. Na baada ya yote hayo anakuja mwanamume wa maana, anasimama dukani kwangu, anaomba kununua makunyanzi yako.

Nimelikata bango katikati. Nusu yako ipo ndani ya kenta, mbele, juu ya usukani, kaibandika yeye. Mchukue mzee wako. Ukutani nimebaki mimi na neno BAADA, na kila anayeingia ananiuliza: baada ya nini?

Ferista


Hasamba, 15 Julai 2025

Ferista, mwana wa mama,

Hujambo? Nakuuliza kwa kutaka kujua. Sisi tunavuna, mikono imekuwa myekundu. Mama hajambo. Nilimsomea barua yako, nikaruka palipohitaji kurukwa. Alisema uje akushike uso, maana wangu ameuchoka.

Yeye ndiye aliyenikamata na barakoa yako, tangu Machi. Alikuja jikoni jioni, akanipapasa kama kawaida, akasema, "Loisi, kwa nini umejifunika bakuli?" Basi na hilo ulijue.

Barua hii inakuja na kondakta, si na Timotheo. Timotheo ana kazi huku. Anarekebisha kichanja.

Wewe umebaki na nafasi tupu ukutani, upande wa kushoto, na sitaki ujaze uso wa mwanamke mwingine asiyejua. Nimeandika tangazo kwenye karatasi ya pili. Libandike pale, kwa gundi, usawa wa macho. Nimeliandika hivi:

"Kwenu wanawake mnaoingia duka hili, wa Tunduma na wa ng'ambo ya Nakonde. Hapa palikuwa na uso wangu. Mimi ni pacha wa mwenye duka, na sijawahi kuwa yeye wa zamani. Nimevaa barakoa ya mwanga tangu Machi, kila jioni umeme ukiwepo. Pembeni mwa macho pamelainika kidogo, sikatai, mikono ya mama yangu imesema hivyo, na mama yangu hauzi kitu. Lakini katika miezi hiyo hiyo nimevaa kofia pana kila siku, nimehamishia jiko nje ya nyumba, na mtu fulani amenichekesha mara nyingi. Kipi kati ya hivyo kimefanya kazi, mimi sijui. Mwenye duka naye hajui. Anayekwambia anajua, mwambie akuonyeshe mtu mmoja, uso mmoja, jua lile lile, kabla na baada. Wewe uliyesimama hapa na mkoba umeufungua nusu, funga kwanza. Muulize Ferista kopo hili limetengenezwa na nani, na ndani mna nini. Akijibu, nunua ukipenda. Akianza kukusimulia mume wa mtu aliyeacha kuzurura, toka nje, kanunue kofia."

Usipunguze hata neno moja. Najua utasema nitakuharibia biashara. Jibu maswali yao, na atakayebaki baada ya majibu ndiye mteja wako wa kweli. Hata hilo la mikono ya mama nimekuwekea, nalo ni tangazo zuri kuliko lile la dhahabu.

Ukimaliza kulibandika, funga duka, uje. Njoo Jumamosi, tutakuwa tunaanika. Nitakupa kitambaa cha bluu ujifunge, tusimame pamoja kwenye kichanja, saa sita mchana, mtu atupige picha wote wawili. Kisha uingie kwa mama, usiseme jina lako, umwache atafute mwenyewe kwa vidole.

Na Timotheo akikwambia anakuja huku siku hiyo, kuna nafasi mbele, akubebe, kataa. Nafasi ya mbele ina mtu. Wewe panda basi.

Loisi